Shamba Lililokataa Wageni

Harufu ya maganda ya korosho yanayoungua haimbembelezi mtu. Hukwaruza koo, hutoa machozi, na ikishaingia kwenye khanga haitoki mpaka khanga ifuliwe mara ya tatu. Nikiisikia leo, hapa Lindi mjini, kwa jirani anayechoma korosho uani kwake, huacha ninachofanya nikaenda kusimama mlangoni kuivuta. Wanangu hunicheka, nami huwaacha wacheke. Hawajui kwamba moshi huo ndio uliokuwa kazi ya nyumba yetu. Bibi yangu mzaa baba, Bibi Somoe, alichoma maganda hayo, akachanganya majivu yake na chumvi ya bahari, na kwa majivu hayo akafunga mashamba ya watu kuanzia Miteja mpaka kwetu Namihu. Kinga hiyo iliitwa kago. Shamba likishatiwa kago, mwizi aliweza kuingia lakini hakuweza kutoka. Alizunguka humo na mzigo wake wa wizi mpaka asubuhi, mwenye shamba akaja, akamkuta amechoka, akamsema vya kutosha, kisha akamwambia, "Nimekusamehe, toka," na mwizi akatoka.

Nayaeleza haya kwa sauti ya kawaida kwa sababu yalikuwa mambo ya kawaida. Kila nyumba ilikuwa na mkono wake. Ndivyo tulivyosema: fulani ana mkono wa kuku, fulani ana mkono wa nyuki. Jirani yetu Mama Tausi alikuwa na mkono wa chungu. Uji wake haukufurika hata angeuacha motoni akaenda kuteka maji na kupiga soga njia nzima. Mzee mmoja alinong'oneza mpini wa jembe uliopasuka na ufa ukajifunga wenyewe, ingawa alikuwa mvivu na mara nyingi uliletewa jembe lako ufa umebaki robo. Palikuwa na mwanamke aliyeweza kumwita kuku aliyepotea siku tatu, na kuku akarudi ameinamisha kichwa kwa haya. Mwalimu wetu alitukataza kuzungumzia mambo hayo darasani, akisema ni ya kizamani, lakini mbuzi wake walifungiwa kago na Bibi yangu, na hakuwahi kupoteza hata mmoja. Hayo hayakumshangaza mtu. Kilichotushangaza ni redio ya Mwenyekiti wa kijiji, sanduku lililozungumza bila mtu ndani. Mkono ulimjia mtoto akiwa na miaka kumi na miwili, kumi na mitatu hivi. Mimi nilikuwa na kumi na mitatu na bado sikuwa nao, na binamu zangu walikuwa wameanza kunihurumia, jambo lililoniudhi kuliko kama wangenicheka.

Miaka miwili kabla ya hapo tulikuwa tumehamishwa. Magari ya serikali yalikuja Namihu na vitongoji vingine, tukapakia vyungu, kuku na milango ya nyumba zetu, tukaenda kushushwa mahali pamoja kuanzisha kijiji cha ujamaa. Kijiji kilipewa jina la Tumaini, na jina hilo lilichorwa kwenye ubao barabarani, lakini hakuna mtu mzima aliyelitamka. Walisema "kambini". Nakwenda kambini, natoka kambini. Na kila mtu alikuwa mgeni. Umwulize mtu njia hii inakwenda wapi, atakujibu, "Mimi mgeni hapa." Kisima kimejaa majani, nani akisafishe? "Sisi wageni, waulizwe wenyeji." Na wenyeji hawakuwapo, maana kabla yetu pale waliishi ngedere tu. Mwenyekiti Mfaume mwenyewe, mtu mnene mwenye moyo mzuri, aliyepaswa kututia nguvu, alifungua kila mkutano kwa maneno haya: "Ndugu wananchi, sisi wageni wa mahali hapa." Tukaishi hivyo miaka miwili, wageni wa ngedere.

Baba yangu, Bakari, alikuwa mgeni kuliko wote. Nyumba yetu aliisimamisha kwa miti na fito, akaezeka, kisha akaacha hapohapo. Hakuikandika udongo. Upepo uliingia upande mmoja ukatokea wa pili, na jirani aliweza kuona tunakula nini. Mama alimsihi, akamnunia, akamsihi tena. Baba alijibu sentensi moja tu: "Siwezi kukandika nyumba ya kambini." Kule Namihu aliacha mikorosho iliyokuwa imeanza kuzaa, na chini ya mmoja wa mikorosho hiyo aliacha kaburi la baba yake. Jioni alikaa nje akiwa ameelekea huko. Mimi nilimpenda sana baba yangu na nilichoka sana kumwona amekaa vile.

Mwaka wa kwanza shamba la kijiji lililiwa na nguruwe wa porini likaisha. Tulikula ming'oko, mizizi ya porini iliyochimbwa msituni, mpaka tukachoka kuitazama, na watoto wadogo wawili walikufa kabla ya mvua. Mwaka wa pili mahindi yalistawi, marefu kumpita Mwenyekiti, na Mwenyekiti akaja kwetu kumwomba Bibi alifunge shamba. Bibi akamwonyesha koo lake. Kikohozi kilikuwa kimemkausha sauti. Alifungua mdomo na hakikutoka kitu ila hewa. Kago halifungwi kwa majivu peke yake. Majivu ni alama tu, kinachofunga ni maneno, na maneno yanataka sauti. Bibi akatazama huku na huku, kisha akanishika mimi bega. Nilimfuata mashambani tangu nikiwa wa kubebwa, maneno niliyajua. Mkono ndio sikuwa nao. Hivyo tukalizunguka shamba pamoja, yeye akimwaga majivu na mimi nikisema kwenye kila pembe: "Shamba hili lina wenyewe. Aingiaye na ni mwenyewe, atoke na mzigo wake. Aingiaye na si mwenyewe, azunguke." Sikusikia chochote mwilini. Lakini kulipokucha tulikuta nyayo za nguruwe zimefika kwenye mstari wa majivu, zikasimama, zikageuka. Wiki tatu zilizofuata nilitembea kijijini kidevu juu. Mama aliniambia nitajikwaa.

Siku ya kuvuna, watu wazima wote wenye nguvu waliingia shambani jua likichomoza, na vikapu na matenga yao, Mwenyekiti mbele akiimba. Sisi wasichana tuliachwa nje ya mstari kuwaangalia watoto wadogo. Hatukuwa na wasiwasi hata kidogo. Kago humtambua mwenyewe, na shamba lilikuwa la kijiji kizima, kwa hiyo kila aliyeingia alikuwa mwenyewe. Saa nne hivi Mama Tausi alitokea kwenye ukingo na kikapu kimejaa, akija kumpa mwanawe uji. Alifika kwenye mstari, akainua mguu, akasita, kisha akageuka akarudi ndani kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau kisu chake. Akaja tena, akageuka tena. Mara ya tatu alitua kikapu chini na kunitazama. Tulikuwa tumetengana hatua tano.

"Sikudhani," aliniita kwa jina langu, taratibu kabisa, "hivi hili shamba ulilifunga vipi?"

Baada ya muda mfupi ukingo mzima ulikuwa umejaa watu. Walikuja mmoja mmoja, wakainua mguu, wakageuka. Wengine walijaribu kukimbia, wakajikuta wanakimbilia katikati ya mahindi. Mtoto mmoja wa miaka minne, Hamisi, alituponyoka akamkimbilia mama yake, naye akashindwa kutoka. Nilisikia wakiulizana nani kafunga, na nikasikia jibu likipita kutoka mdomo hadi mdomo: mjukuu wa Bi Somoe, yule asiye na mkono. "Mtoto kakosea maneno," alisema mwanaume mmoja. "Nani kawatuma kumpa mtoto?" Mama yangu alimwambia anyamaze, lakini nilimwona usoni kwamba naye aliogopa. Tulifagia majivu, tukamwagia maji pale yalipokuwa, haikusaidia. Nikaondoka mbio kwenda nyumbani kwa Bibi, nikilia kwa hasira na aibu pamoja.

Bibi alinikalisha mbele yake, akanionyesha kwa kidole nirudie maneno. Niliyarudia. Kila neno alitikisa kichwa kukubali. Akanirudisha mwanzo, nikayarudia tena, akakubali tena. Sikuwa nimekosea. Hapo ndipo nilipoogopa kwa kweli, maana kosa ungelijua ungelisahihisha. Bibi akaonyesha jua, akateremsha mkono mpaka chini, kisha akapitisha kiganja usoni pake kama mtu anayefuta kitu. Nilimwelewa. Zamani, kabla sijazaliwa, mwizi mmoja alinaswa kwenye shamba la mtu aliyekuwa safarini, na jua likamzamia humo ndani. Alipotolewa alikuwa mzima, anakula, anacheka, ila hakulijua jina la mkewe wala kwao ni wapi. Aliishi Miteja mpaka akafa, akifagia uwanja wa msikiti, na kila jioni aliwauliza watu kama wanamfahamu. Kijiji kizima sasa kilikuwa kwenye hatari hiyo, mama yangu na baba yangu wakiwamo. Nikampa Bibi bega langu, tukaanza safari ya kurudi shambani, na alikuwa akitembea polepole mno.

Tulipofika alasiri ilikuwa imeingia. Watu walikuwa wamekaa kwenye vivuli vya mahindi, wamechoka kujaribu. Mwenyekiti alikuwa akiwahesabu kwa majina, na nilisikia amesita kwenye jina la shemeji yake. Nilimchukua Tausi kutoka kwa msichana aliyekuwa amembeba, ili nipate cha kushika. Tausi alikuwa hajafikisha miaka miwili, msumbufu, ana miguu myepesi. Alimwona mama yake, akajinyonga mikononi mwangu, akaruka chini na kuvuka mstari kabla sijainama. Nikapiga ukelele. Yeye akamfikia mama yake, akanyonya kidogo, akaokota gunzi, akarudi. Akavuka mstari, akanipa lile gunzi. Kisha akaingia tena. Akatoka tena. Mama yake akamshika mkono ili watoke wote, na walipofika kwenye majivu mikono yao ikaachana. Tausi akaja huku, mama akageuka kule.

Watu walisimama wote. Mtu mmoja akasema ni kwa sababu mtoto hana dhambi. Lakini Hamisi naye hakuwa na dhambi, na Hamisi alikuwa amekaa ndani analia. Nilipiga magoti mbele ya Tausi, na sijui kwa nini niliuliza swali lile tunalowauliza watoto wote tukiwachezesha: "Tausi, kwenu wapi?" Akanitazama kama vile mimi ni mjinga, akakanyaga ardhi kwa kisigino. "Hapa," akasema.

Hapo nikaona. Hamisi alibebwa kutoka Namihu. Tausi alizaliwa hapa, mtoto wa kwanza kuzaliwa Tumaini, na hakuwahi hata siku moja kujiita mgeni. Sisi wengine wote tulijiita hivyo asubuhi na jioni kwa miaka miwili. Kago lilikuwa limetusikia na kutuamini. Lilikuwa linafanya kazi yake, na lilikuwa linaifanya vizuri.

"Mama," niliita, "sema wewe ni mwenyeji hapa."

Mama akatazama kulia na kushoto. Nataka mnielewe: neno hilo halikuwa limetamkwa na mtu mzima yeyote tangu tuliposhushwa kwenye yale magari. Kulisema ilikuwa ni kukubali kwamba hatutarudi. Aliinua kikapu akakitia kichwani, akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kisimani, "Mimi mwenyeji wa hapa. Nyumba yangu ile pale, haina kuta, lakini choo chake nimechimba kwa mikono yangu miwili." Watu wakaangua kicheko, na kicheko kikiwa bado hewani Mama akavuka mstari. Hakugeuka. Alisimama upande wetu na mahindi yake kichwani, akijishika mikono kama anayejihakikishia kwamba ni yeye. Bibi Somoe alipiga makofi, maana sauti hakuwa nayo.

Baada ya hapo ilikuwa furaha ambayo sijaiona tena. Walipanga mstari, na kila mmoja alipofika kwenye majivu alitakiwa kusema lake, kwa mdomo wake. Mama Tausi alisema yeye mwenyeji maana hapa ndipo alipozalia. Yule mzee wa majembe alisema yeye mwenyeji kwa kuwa ana madeni ya mipini kwa watu kumi na moja na hana pa kukimbilia. Hamisi alisukumwa mbele na mama yake, akasema, "Kwetu hapa," akatoka mbio. Mwanamke mmoja alisema huku analia, akatoka akilia, akaendelea kulia nje huku akicheka. Mwenyekiti Mfaume alikuja akijiamini, akainua ngumi, akasema, "Sisi wananchi wa Tumaini, kwa kauli moja!" Shamba likamgeuza. Akajaribu, "Kwa niaba ya kamati nzima," likamgeuza tena, na wakati huu alipotea kwenye mahindi muda mrefu kidogo. Aliporudi alikuwa ameshusha mikono. "Mimi Mfaume," akasema kama anayezungumza na mkewe. "Kwangu hapa. Niliogopa kulisema kwa sababu nilidhani mtanichukia." Akatoka, na hakuna aliyemchukia. Akinamama walimpigia vigelegele mpaka akaficha uso kwa kofia.

Jua lilikuwa limefika kwenye vichwa vya miti tulipogundua kwamba amebaki mmoja. Baba alikuwa amekaa chini kati ya mistari ya mahindi, hatua ishirini kutoka ukingoni, magoti yamekunjwa, ameelekea Namihu. Mama alimwita, akazidi kutazama huko. Mwenyekiti akajaribu njia ya zamani, akasema kwa sauti, "Bakari, tumekusamehe, toka." Kijiji kizima kikarudia, tumekusamehe. Haikufaa kitu, na nilijua haitafaa: huwezi kumsamehe mtu kwa kuingia kwenye shamba alilolilima mwenyewe, na kago halidanganyiki kirahisi. Nikamtazama Bibi. Baba alikuwa mwanawe. Alinishika ncha ya khanga kwa nguvu, akanitazama muda, kisha akaiachia. Nikavuka mstari.

Ndani palikuwa kimya kuliko nje. Mistari yote ilifanana, na nilihisi kitu kinanilegea kichwani. Nilitaka kujikumbusha jina la rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, likanichukua muda kulipata. Nilikaa chini mbele ya Baba. Sikujua pa kuanzia, kwa hiyo nikaanza kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umefuata nini humu? Toka."

"Siwezi kutoka. Na mimi nimekuwa nikisema mgeni."

Alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi, na sikuwahi kuyaona. "Mwanangu," akasema, "nikisema mimi mwenyeji wa hapa, baba yangu aliyelala kule atakuwa baba wa nani?"

Hata leo, nikiwa nimezika wazazi wote wawili, sina jibu la kutosha. Lakini kando yake palikuwa na muhindi mmoja ameuvunja na kuumenya nusu, punje zake zina michirizi myekundu. Mahindi hayo hayakuwa ya mbegu ya serikali. Niliyajua. Yalikuwa yale ya Namihu, ambayo Baba aliyafunga kwenye pindo la shuka siku ya magari, wakati wengine wakihangaika na milango.

"Mbegu hii ni ya nani?" nikauliza.

"Ya baba yangu."

"Na hapa kaipanda nani?"

Akageuza ule muhindi mkononi. "Nimeipanda mimi. Mistari sita. Nilimwambia Mwenyekiti mbegu ya bure isitupwe."

"Baba, maneno ya kago niliyasema mimi, nayajua. Hayaulizi umemzika nani wapi. Yanauliza shamba ni la nani."

Jua lilikuwa limegusa miti. Nilisikia watu wa nje wameacha kupumua, au labda ni mimi. Baba akaweka kiganja chini, akajiinua, akanishika mkono kuniinua na mimi. Tukaenda mpaka kwenye majivu. Pale akasimama wima, mtu mrefu, akauinua ule muhindi juu ili wote wauone. "Mahindi haya ni mbegu ya baba yangu," akasema. "Nimeyapanda mimi, kwenye ardhi hii. Ni yangu." Na akapiga hatua, akavuka.

Mikono yetu ikaachana kwenye mstari. Nikabaki peke yangu upande wa ndani, kijiji kizima kikinitazama. Katika kuwahangaikia wengine sikuwa nimefikiria langu. Sikuwa nimejenga pale wala kuzalia wala kupanda. Kichwa kilikuwa chepesi, jina la yule rafiki lilikuwa limepotea tena. Lakini nililitazama shamba lile, ambalo lilishika watu wazima wote wa kijiji tangu asubuhi bila kumwachia hata mmoja aliyedanganya, Mwenyekiti na kamati yake wakiwamo, na nikaona fahari inapanda kutoka miguuni. "Shamba hili," nikasema, "nimelifunga mimi." Nikatoka. Jua likazama nikiwa na miguu yote miwili nje, na vigelegele vilivyopigwa jioni ile walivisikia mpaka barabara ya Kilwa Kivinje.

Mwenyekiti, ambaye hakuweza kujizuia, alimwambia Baba kwamba katika ujamaa husemi yangu, unasema yetu. Baba akamjibu, "Yetu ni hiyo yangu pamoja na yako, Mwenyekiti. Na yako ulichelewa kuitaja." Kulipopambazuka alichimba udongo nyuma ya nyumba, akakandika ukuta wa kwanza kabla ya chai, na kufikia mwisho wa mwezi kijiji chote kilinuka udongo mbichi. Kisima kilisafishwa na watu waliogombea zamu. Mahindi yalitosha mpaka mavuno mengine. Bibi alipata sauti yake wiki chache baadaye, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa lawama: "Tatizo lako wewe ulifunga vizuri mno." Tangu siku hiyo niliitwa kufunga mashamba mpaka Rondo, na binamu zangu wakaacha kunihurumia.

Leo mashamba ya Tumaini yana mawe ya mipaka yenye namba, na wenye uwezo wamezungushia nyaya. Mwizi huingia na kutoka atakavyo. Mikono imekuwa adimu. Wajukuu wangu husoma vitabu vya watoto wenye miujiza katika nchi za mbali, wakaniuliza kama kweli mimi nilikuwa nayo, na nikiwaambia nilikuwa nayo kwa ajili ya mahindi, huona nimewapunja. Siwalaumu. Ila nimeishi miaka mingi, nimefundisha shule, nimekaa kwenye kamati zisizo na hesabu, na sijaona hati wala muhuri uliomfanya mtu awe wa mahali kama ile sentensi moja ilivyotufanya sisi siku ile. Baba alikataa kuzikwa Namihu. Alituonyesha mahali mwenyewe, mwisho wa ile mistari sita.

Mwaka jana shule ya Tumaini iliniandikia barua, wakisherehekea madarasa mapya, wakaniomba niwe mgeni rasmi. Niliisoma barua mara mbili, kisha nikampigia simu mwalimu mkuu, kijana mstaarabu aliyezaliwa mbali. Nikamwambia nitakuja kwa furaha, lakini neno hilo alifute. Akaniuliza kwa adabu, "Sasa tuandike nini, Bibi?" Nikamwambia. Alidhani amesikia vibaya, nikamtajia herufi kwa herufi. Siku yenyewe mshereheshaji alisoma ratiba, akakwama, akaitazama tena ile karatasi, kisha akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba sasa anamkaribisha mwenyeji rasmi. Vijana wote uwanjani walicheka. Tausi, ambaye sasa ana wajukuu, na wazee sita au saba tuliobaki, hatukucheka. Tulisimama.